Siku Elfu Nane za Karani

Kila siku saa mbili kamili asubuhi, hata Jumapili, baba mkwe wangu hunipigia simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkwe. Ngapi?"

"Elfu saba mia tisa tisini na sita."

"Haya."

Anakata. Haulizi wajukuu wameamkaje, haulizi mwanawe, wala haniulizi mimi. Anachotaka ni hiyo namba tu. Namba yenyewe iko juu ya kioo cha mashine moja ya kijivu kwenye chumba cha kompyuta cha hospitali. Chumba hicho kilikuwa chake kabla hajastaafu, na sasa ni changu. Inahesabu siku ambazo Karani amefanya kazi bila kuzima.

Karani si mtu, ingawa ukimsikia baba mkwe akimzungumzia utadhani ndiye mtoto aliyemsomesha akafaulu. Karani ni programu. Kompyuta za hospitali hujuana kwa namba, na sisi binadamu tunazijua kwa majina, sasa Karani anakaa katikati. Maabara ikitaka kupeleka majibu wodini, inamuuliza, "Wodi fulani iko wapi?" Karani anachungulia orodha yake, anataja namba, karatasi inafika. Kama jina ni la nje ya hospitali, anakwenda kuulizia huko nje, kisha anarudi na jibu. Baba mkwe alimwandika mwenyewe, peke yake, miaka karibu ishirini na miwili iliyopita, na tangu siku hiyo Karani hajazima hata dakika moja. Chumba kilipohamishwa kutoka jengo la zamani, Baba alimfunga betri, akamlaza kwenye kitanda cha magurudumu cha wagonjwa, akamsukuma uwanjani huku amemfunika shuka. Watu walisimama kando kwa heshima wakidhani ni maiti.

Ijumaa ya wiki hiyo Karani angetimiza siku elfu nane. Mkurugenzi, ambaye wafanyakazi tunamwita Risala kwa sababu hawezi hata kuomba chumvi bila kuanza na "ndugu wageni waalikwa", alikuwa ameandaa sherehe. Cheti kilishachapwa na kutiwa fremu, na keki imeagizwa. Baba mkwe alikuwa ameshapeleka suti kwa fundi ipunguzwe kiuno, kisha akarudi kuomba iongezwe, maana alikuwa amejipima huku amebana pumzi.

Jumatatu hiyo, nilipoweka simu chini tu, ikalia nyingine. Alikuwa mpishi mkuu.

"Dada wa kompyuta, printa yangu imeingiwa na nini? Tangu asubuhi inaniletea oda nisizozielewa."

"Oda gani?"

"Hii inasema damu pungufu. Nimeshachemsha maini, hiyo hainisumbui. Lakini hii nyingine imeandikwa mkojo, rangi ya chai. Sasa hapo wanataka nini?"

Nilishuka jikoni mbio. Mezani, kati ya vitunguu na ndoo ya unga, palikuwa na karatasi kumi na moja za majibu ya maabara, zote za wodi ya wazazi. Mpishi mkuu alikuwa amezipanga vizuri kwa kufuata saa, na ile ya kumi na mbili hakuwa nayo. Ilikuwa na mstari mwekundu na neno HARAKA, na alipoiona hakuuliza mtu. Alipanda ghorofa mbili na mwiko mkononi, akamkabidhi mkunga. Mama aliyekuwa anasubiri damu akapewa damu. Mpishi alinisimulia hayo huku anamenya kitunguu. Kama angekuwa ametoka kwenda sokoni, je?

Nikapanda kwa mkunga mkuu.

"Mmegusa nini huku?"

"Hatujagusa kitu," akasema. "Tumeletewa kompyuta mpya na tumeipa jina, basi."

Hapa lazima nieleze. Hospitali yetu ina desturi, na aliyeianzisha ni baba mkwe huyo huyo. Kompyuta mpya ikifika, wahusika wenyewe ndio huipa jina, kwa kura, wakati wa chai. Baba alikuwa anasema mtu hakipigi kofi kitu alichokipa jina. Basi chumba cha maiti wakaiita yao Tulieni, meno wakaiita Fumba-Macho, na ofisi ya Risala ikaitwa Kwa-Ufupi, na mpaka leo mwenyewe haoni kwa nini watu wanacheka. Wodi ya wazazi walisubiri kompyuta yao miaka yote hiyo, na walipoipata wakaamua kufidia.

"Mmeiitaje?"

Mkunga mkuu akakohoa, akatamka kama anasoma tangazo: "Chumba-cha-wanawake-wasiolala-wakisubiri-watoto-wasiojua-saa-za-kazi."

Nilihesabu kwa vidole, nikarudia kwa kalamu. Pamoja na vistari, zilikuwa herufi sitini na nane.

Nikateremka chumbani kwangu, nikafungua maandishi ya Karani. Mimi niliolewa katika familia hii miaka tisa iliyopita, na katika miaka hiyo sikuwahi kuthubutu kuyasoma yote, kwa sababu ilikuwa kama kupekua kabati la nguo la baba mkwe. Pale panapopokelewa majina, Baba alikuwa ametenga nafasi ya herufi sitini na nne. Pembeni alikuwa ameacha maelezo kwa atakayesoma: "Herufi 64 zatosha. Mwenye jina refu kuliko hapa akatibiwe hospitali nyingine."

Tatizo ni kwamba hakumfundisha Karani kuhesabu. Akiletewa jina, Karani anaandika tu mpaka liishe. Jina likizidi kisanduku chake, mkia wake unaandikwa kwenye kisanduku cha jirani, juu ya kilichokuwamo. Na jirani wa jina ni anwani. Neno "kazi" la mwisho lilikuwa limekalia anwani ya wodi ya wazazi, na Karani akikutana na anwani asiyoielewa humpa muulizaji ile ya kwanza kabisa kwenye orodha yake. Ya kwanza kabisa ni jikoni.

Nikalifupisha jina la wodi likawa Wasiolala, karatasi zikaanza kwenda zinakotakiwa, na mkunga mkuu akaninunia. Ningeishia hapo, ningelala usingizi wangu. Lakini mimi nina ugonjwa wa kuchokonoa. Baada ya anwani kuna kisanduku gani? Nikaangalia. Kinachofuata ni pale Karani anapoweka maagizo yake mwenyewe, yaani kitu atakachofanya baada ya kumaliza anachofanya sasa.

Nikatengeneza nakala ya Karani kwenye kompyuta yangu ndogo, nikaitenga na hospitali, nikaiandikia jina refu kana kwamba ni jibu lililotoka nje. Mkia wa jina ukawa agizo langu. Nakala ikalipokea, ikaliandika lote, ikafika kwenye kisanduku cha maagizo, na kwenye kioo yakatokea maneno niliyomwamuru aseme: NDIYO, BIBI. UNATAKA NINI TENA?

Nilicheka sekunde moja. Kisha nikaogopa kwelikweli. Mtu yeyote, aliye popote, ambaye Karani atamwendea kuulizia jina, angeweza kumjibu hivyo na akawa bosi wa Karani. Angepeleka dawa za huyu kwa yule. Angezima wodi nzima.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu: hesabu kwanza, ikizidi kataa. Lakini ili mstari huo ufanye kazi, lazima Karani azimwe na kuwashwa upya. Na akizimwa, namba inarudi sifuri.

Mume wangu nilimweleza jioni wakati anapiga pasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaligeuza shati upande wa pili.

"Siku nne tu, mke wangu. Mimba ni miezi tisa na watu wanasubiri."

"Nenda umwambie baba yako."

"Mimi?" Akacheka kicheko cha mtu aliyeona nyoka. "Mimi niliwahi kumwambia redio yake ina mkwaruzo, akakaa wiki mbili anasikiliza mkwaruzo ili anionyeshe hauko. Nenda wewe. Mkwe anaheshimiwa."

Jumanne asubuhi simu ililia, nikajibu elfu saba mia tisa tisini na saba, na sauti yangu ikanisaliti maana Baba aliuliza kama nina mafua. Mchana nikaenda kwa Risala, nikamwambia kuna jambo la hatari kuhusu Karani. Akaniambia tutalizungumza Jumatatu, baada ya mafanikio. Saa kumi nikabeba kompyuta yangu ndogo, nikaenda nyumbani kwa wakwe, mitaa mitatu nyuma ya hospitali.

Baba alikuwa mezani sebuleni, ameifungua pasi ya mama mkwe na kutandaza skrubu zake juu ya gazeti. Mama alikuwa kwenye kochi anakunja nguo zilizoanuliwa. Nikaletewa chai. Nikazunguka, nikauliza hali, nikasifu suti iliyoning'inia mlangoni, nikauliza hali tena.

"Mkwe," Baba akasema bila kuinua macho, "tangu uingie umeniuliza afya mara tatu. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Baba. Ni Karani. Ana kasoro."

Bisibisi ikasimama.

"Miaka ishirini na miwili," akasema polepole, "hakuna mtu aliyewahi kunipigia simu kuniambia Karani amekosea."

"Ni kwa sababu miaka yote hiyo wakunga hawakuwa na kompyuta, Baba."

Mama mkwe aliguna ndani ya shuka aliyokuwa anaikunja. Nikamweleza Baba yote: herufi sitini na nne, "kazi" iliyokalia anwani, karatasi jikoni. Alinisikiliza akiwa amekunja uso.

"Basi mfupishieni jina."

"Nimeshafupisha. Lakini ya nje siwezi kuyafupisha." Nikafungua kompyuta. "Baba, naomba uangalie. Hii ni nakala tu."

Nilimpa jina refu. Karani, yule Karani wake, akalimeza lote na kuandika kwenye kioo: NDIYO, BIBI. UNATAKA NINI TENA?

Ningejua ningeweka maneno mengine. Baba alikitazama kile kioo. Nilimwona anazeeka mbele yangu, na niliumia. Mtu huyu alinipokea katika nyumba yake kwa kunipa funguo za chumba cha kompyuta kabla hata mahari haijajadiliwa.

"Mstari mmoja tu, Baba. Lakini lazima tumzime."

"Ijumaa jioni, baada ya sherehe."

"Anaweza kuingiliwa kesho."

"Na anaweza asiingiliwe!"

"Ndiyo, anaweza asiingiliwe," nikasema, na hapo hasira yangu, ambayo mama mzazi aliniombea sana ipungue kabla sijaolewa, ikanitoka. "Lakini mimi ndiye mwenye chumba sasa. Kesho saa sita mchana, Baba, nikikuta hajazimwa, nitamzima mwenyewe kwa mkono wangu, na uninyime salamu mpaka nife."

Kumfokea baba mkwe, sebuleni kwake, chai yake iko mkononi mwangu! Nilitamani sakafu inimeze.

"Mkwe," Baba akasema kwa adabu ya kutisha, "nadhani chai yako inapoa huko kwako."

"Hajamaliza hata hii," mama mkwe akasema.

Akaweka shuka chini. Mama ni mtu wa maneno machache, na akianza kuongea hata redio huzimwa.

"Baba watoto, unakumbuka siku uliyomhamisha Karani na kitanda cha magurudumu?"

"Nakumbuka. Hakuzima."

"Hakuzima. Na mimi siku hiyo nilikuwa na uchungu wa kitinda mimba wetu. Nilifika pale mlangoni nikaomba kitanda, wakaniambia kimoja kimeharibika, na kingine kimebeba kompyuta ya mume wako. Nikapanda ngazi kwa miguu, ghorofa mbili, nikisimama kila ngazi ya tatu."

Baba aliiweka bisibisi chini.

"Hukuniambia."

"Ulikuwa na furaha sana jioni ile. Nikasema yamepita." Akachukua foronya, akaikunja mara mbili. "Jana huko juu kulikuwa na mwanamke mwingine, na karatasi yake ikabebwa na mpishi. Sasa wewe hesabu hizo siku zako."

Nilimaliza chai kwa funda moja, nikaungua ulimi, nikaaga.

Jumatano saa mbili asubuhi simu haikulia. Nilikaa nayo mkononi mpaka saa mbili na nusu, nikijiambia betri yake imekwisha. Siku hiyo niliepuka chumba cha kompyuta. Nilitengeneza kipanya cha famasia, nikabadilisha wino wa printa ya meno, nikapanga nyaya ambazo hazikuhitaji kupangwa. Saa sita kasoro dakika tano nikaingia kumzima Karani, nikinyata utadhani nakwenda kuiba.

Juu ya kioo palikuwa pameandikwa: SIKU 0, SAA 5.

Nikasoma tena. Nikafungua maandishi yake. Ule mstari ulikuwepo, umeandikwa kwa unadhifu ambao mimi nisingeuweza. Maelezo ya pembeni yalikuwa yamefutwa na kuandikwa mengine: "Hesabu kwanza. Mkwe aliona, mimi sikuona."

Mpishi mkuu ndiye aliyenipa habari. Mzee alifika kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, akamgongea amfungulie mlango wa nyuma wa chumba, ambao ufunguo wake hutundikwa jikoni, kwa kuwa mimi ndiye mwenye funguo za mbele. Alikaa mbele ya mashine kama nusu saa bila kugusa kitu. Kisha akaomba chai, akainywa yote, akainuka, akabonyeza.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Aliniuliza printa yangu inaendeleaje. Nikamwambia sasa imenyamaza, naona upweke."

Alhamisi nayo simu haikulia. Mume wangu akasema, "Si nilikwambia?" nami nikamwambia apike mwenyewe.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mashine ya Karani ilikuwa imewekewa kioo kikubwa mbele ya wageni, kimefunikwa kitambaa cha bluu. Kwa Risala nilikwenda mara mbili asubuhi ile kumwonya, na mara zote mbili alininyooshea kiganja huku anaendelea kukariri. Baba alikaa mstari wa mbele na suti yake ya kiuno kilichopunguzwa na kuongezwa, hakunitazama hata kidogo. Risala akasimama, akawasalimu ndugu wageni waalikwa kwa vyeo vyao wote, akatoka jasho, akafuta, akaendelea.

"Na sasa, mshuhudie kwa macho yenu, bila kuzima hata sekunde moja, siku elfu nane!"

Akavuta kitambaa. Kioo kikaandika: SIKU 2, SAA 4.

Watu wawili watatu walipiga makofi kwa mazoea, wakaacha. Risala alikitazama kioo, akatazama cheti, akatazama keki, ambayo nayo ilikuwa imeandikwa 8,000 kwa sukari ya waridi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa neno.

Baba akainuka. Nilidhani anaondoka. Akaenda mbele, akachukua kipaza sauti kutoka kwenye mkono wa Risala uliokuwa umekakamaa.

"Ni mbili," akasema. "Nilimzima mwenyewe juzi. Alikuwa na kosa, na kosa ni langu, nililiandika enzi zile nikijiona fundi. Mkwe wangu yule pale aliliona akaja kuniambia, nami nikamfukuza na chai yake." Akageuka kutazama ukumbini. "Mkunga mkuu yuko wapi? Njoo hapa, mwanangu. Rudisha jina lenu."

Mkunga mkuu alipita mbele kwa madaha yote, akakaa kwenye kibodi, akaandika herufi sitini na nane moja baada ya nyingine, ukumbi mzima unasoma naye kwa sauti. Alipofika "za-kazi" Baba alinitazama mimi. Niliinama kama mtu anayetafuta kiatu, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Karani akahesabu. Kioo kikajibu: JINA NI REFU MNO. FUPISHENI, NA HONGERENI KWA KOMPYUTA.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mkunga mkuu akasonya, akaandika upya, safari hii mpaka "watoto" tu, likakubaliwa. Dakika hiyo hiyo muuguzi akapiga simu kutoka juu kusema karatasi ya kwanza yenye jina jipya imetoka kwenye printa ya wodi. Mpishi mkuu peke yake ndiye hakufurahi. Alikaa pembeni anakata keki, akilalamika kwamba sasa hatajua nani wa kumpikia maini. Mama mkwe alikula vipande viwili, vyote vyenye sifuri. Na Baba akapita na cheti chake mkononi, akaniaga kwa kichwa tu, bila neno, akaenda zake.

Usiku huo nilimwambia mume wangu kwamba hata kama baba yake amenisema vizuri mbele za watu, huenda hatanipigia tena, na ajabu ni kwamba nilikuwa nimeizoea ile simu.

Jumamosi nilikuwa naosha vyombo. Saa mbili kamili simu ikalia. Niliishika kwa mikono yenye povu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkwe. Ngapi?"

Nikakimbilia mezani, nikafungua kompyuta yangu ndogo, nikaisoma namba kutoka hospitali, ingawa nilikuwa naijua.

"Tatu, Baba."

Kwa mbali nilimsikia mama mkwe akiuliza, naye akimjibu, "Tatu."

"Si haba," akasema. "Na wewe umeamkaje, mwanangu?"